Fukusi Thelathini wa Jumatatu

Nyumba ile ilikuwa na wanawake wawili, na kila mmoja alimwita mwenzake wifi kama mtu anayetema kokwa. Mmoja alikuwa mke wa seremala, mwenye jiko lake. Mwingine alikuwa dada wa seremala, mwanafunzi wa shahada ya pili, aliyehamia pale na mtoto mchanga mgongoni kwa ahadi ya miezi mitatu. Miezi mitatu ikazaa mingine, na mingine ikazaa wajukuu. Sasa mtoto alikuwa na miaka miwili na alimwita mama yeyote aliyewahi kuitika.

Mke wa seremala alimbandika wifi yake jina: Msomi. Usidhani ni sifa.

"Msomi, hizi sahani umemwachia nani?"

"Msomi, huko chuoni somo la kufunga mlango hawana?"

Msomi alikuwa hajibu. Alikuwa anameza, na mtu akimeza sana kuna siku kooni panakwama.

Masomo yake yalikuwa ya fukusi, wale wadudu weusi wenye pua kama mkonga, wanaotoboa mahindi mpaka yanabaki maganda na vumbi. Wenzake wanasoma sheria, wanasoma udaktari. Yeye alifuga kitu ambacho kila mwanamke mwenye gunia ndani anakiua. Aliwatilia dawa ileile inayouzwa madukani ya kuhifadhi nafaka. Wa kufa walikufa. Waliobaki aliwalea, wakazaa, na watoto wao akawatilia dawa tena. Mwaka na nusu. Mwisho akabaki na arobaini na wanne ambao dawa ilikuwa kwao kama vumbi la njiani. Ili wasipotelee kati ya wengine, kila kizazi kilichopona alikitia nukta nyekundu mgongoni, mmoja mmoja, kwa ncha ya sindano.

Rangi ilikuwa ya kupaka kucha. Ya wifi yake. Hakuomba.

Mke wa seremala aliona chupa yake inapungua.

"Kuna mtu humu ndani anajipamba kwa mali yangu."

"Nitazame vidole, wifi. Vina rangi?"

"Utakuwa unapaka za miguuni. Ndiyo maana siku hizi unavaa soksi."

Basi huko ng'ambo kulikuwa na chuo kilichompa Msomi nafasi ya miezi mitatu, kiangazi cha kwao, akajifunze mashine ya kusoma ndani ya mdudu na kujua ni kitu gani kinachomkinga na dawa. Tiketi wangetoa wao, kitanda wangetoa wao. Zilibaki karatasi mbili: pasi ya kusafiria, na barua ya ruhusa yenye saini ya Profesa aliyemsimamia. Pasi ilikuwa tayari, ya kwenda kuchukua tu. Kazi ilikuwa kwa Profesa. Nafasi ile alitaka apewe kijana wake mwingine, na waliokuwa wamemnyima walikuwa mbali, kwa hiyo hasira ilimwangukia aliyekuwa karibu.

"Wewe uende huko, huku nyuma wadudu wafe, itakuwa umekwenda kutembea," alimwambia bila kuinua macho. "Jumatatu saa tatu uwalete hapa mezani, niwakabidhi kwa fundi wa maabara. Nataka thelathini wazima, wenye alama. Ishirini na tisa, sisaini."

"Wapo arobaini na wanne, Profesa."

"Hao ni wa leo."

Ijumaa mchana fundi wa maabara akamkuta mlangoni, funguo zinaning'inia kidoleni. "Kesho jengo zima linapulizwa dawa ya mende. Toa mifugo yako."

"Niipeleke wapi?"

"Mende nao sijawauliza wanakwenda wapi."

Nyumbani amri ilikuwepo tangu mwaka wa kwanza: mdudu yeyote wa chuo asivuke kizingiti. Msomi angeweza kusema. Angesema, wifi, ni siku mbili tu, naomba. Lakini kumwomba yule mwanamke ilikuwa kama kulamba kisu. Akaiingiza chupa kwa siri, ile ya kioo yenye mdomo mpana, imejaa mahindi na kufunikwa kipande cha chandarua kwa mpira. Chumbani kwake bati lilikuwa linawaka, wangeiva. Akaisukuma chini ya meza ya jikoni, nyuma ya ndoo, penye ubaridi. Wahenga walisema mficha uchi hazai, ila mwenye kuficha siku zote hudhani methali ni ya watu wengine.

Jumamosi asubuhi akaenda kupanga foleni ya pasi. Aliporudi ilikuwa saa saba mchana, pasi kifuani ndani ya nguo, na kwa mara ya kwanza kwa siku nyingi alikuwa anatabasamu peke yake njiani.

Kitu cha kwanza alichokiona jikoni ni ile chupa. Imeoshwa. Imefudikizwa kwenye kichanja cha vyombo, inachuruzika maji.

Akakimbilia uani.

"Wifi! Mahindi yaliyokuwa humu yako wapi?"

Mke wa seremala alikuwa uani na mtoto wa Msomi mgongoni, kamfunga kwa kanga, mtoto kalala shavu limebonyea. "Ala! Kumbe ni yako? Nimekuta mahindi yameoza kwa wadudu jikoni kwangu, nifanyeje, niyasalimie? Nimeyachekecha, nimeyaanika."

Alikuwa amefanya alichofundishwa na mama yake, naye mama yake na mama yake. Kachekecha juu ya ungo, vumbi kalimwaga pembeni, mahindi kayatandaza juani kwenye mkeka, karibu na ukuta. Na hapo ukutani lilikuwa limeegemezwa gunia lake mwenyewe, mdomo wazi, kwa sababu alikuwa anapima ya kusagisha. Kuku wawili wa jirani walikuwa bado wanadonoa pale penye vumbi.

Msomi akawarukia kuku kwa kandambili. Akapiga magoti kwenye mkeka na kupekua punje kwa mikono miwili. Mashimo matupu. Fukusi akichomwa na jua hakai, hutafuta kivuli.

"Sasa unalilia wadudu?" wifi yake akauliza. "Mtoto wako asubuhi kaanguka kaumia goti, hujamtazama. Unalilia wadudu."

"Umenimaliza, wifi. Umefanya makusudi."

"Makusudi! Ningejuaje? Ulinionyesha? Ulisema wifi, hiki ni kitu changu? Umekuja nacho kama mwizi, umekificha kama mwizi. Ukiniita mchawi sasa hivi nitakujibu."

"Walikuwa na alama! Hukuona alama?"

"Alama gani?"

"Nukta. Mgongoni. Nyekundu..."

Sauti ikamfia njiani. Lakini neno likitoka halina mlango wa kurudia.

"Nyekundu," mke wa seremala akasema taratibu. "Nyekundu ya nini, Msomi?"

Kisha yule mwanamke akaanza kucheka, kicheko kibaya, kisicho na furaha hata tone.

"Kumbe! Mwaka mzima nawaza huyu anajipamba kwa ajili ya mwanaume gani. Kumbe anawapaka fukusi! Mimi kucha zangu nyeupe kama za maiti, fukusi wamependeza!"

"Nisipowapata siendi," Msomi akasema chini chini. Hakuwa anaomba huruma, alikuwa anajisemea. "Profesa anataka thelathini Jumatatu. Bila hivyo hasaini. Nitabaki."

Kicheko kikakatika kama kimekanyagwa.

"Utabaki wapi?"

"Hapa. Nitaenda wapi kwingine?"

Mke wa seremala akamtazama, akautazama mlango wa chumba cha bati, akaitazama kamba ya nguo yenye nguo za watu wawili zisizo zake. Akamkaza mtoto mgongoni, akaingia ndani, akatoka na beseni jeupe, na ile brashi nyembamba ya mumewe ya kupakia vanishi.

"Kaa hapo. Wewe chukua ukuta, mimi nachukua gunia. Na usidhani nakusaidia. Siku za wewe kuondoka nimeshazihesabu, sitaki zianze upya."

Wakaanza. Kwenye nyufa za ukuta Msomi alitoa kumi na wawili, mmoja mmoja, anawagusa kwa brashi wanadondoka kwenye beseni. Mke wa seremala alimimina mahindi yake kopo kwa kopo, anayatandaza, anapuliza. Alikuwa anachukia mdudu toka moyoni. Kila akimwona mweusi alimponda kwa ukucha, akimwona mwenye nukta alimsukuma kwa kijiti huku kakunja pua.

"Wa tano. Lakini rangi yangu ilikuwa nzuri, kweli haitoki." Akamimina kopo jingine. "Nani aliniuliza?"

"Nini, wifi?"

"Huyu." Akatikisa mgongo kidogo. "Abaki kwangu miezi mitatu ukiwa safarini. Nani aliniuliza?"

"Kaka alisema..."

"Kaka yako ndiye atakayemtawaza? Kaka yako anatoka alfajiri kwenda kuranda mbao, anarudi kala, kalala. Mmekaa wawili sebuleni, dada na kaka, mmeshauriana, mimi naletewa habari pamoja na vyombo vichafu. Wadudu umenificha, mtoto umenitwika."

Msomi alikuwa na jibu. Alikuwa na majibu ya mwaka na nusu, yamepangwa. Lakini alimwona mtoto pale mgongoni, mate yamelowesha kanga ya mtu mwingine, na goti lake dogo limepakwa dawa na mtu mwingine. Majibu yote yakaonekana hayana miguu.

"Wifi, utakaa naye?"

"Ndiyo kwanza unauliza leo."

"Nauliza leo."

"Pekua ukuta wako."

Jua likapinda. Gunia likabaki mfuko mtupu, mahindi yote yako chini. Wakahesabu beseni mara mbili, maana hawakuaminiana. Ishirini na tisa. Hesabu ileile aliyoitaja Profesa, kama aliyeiombea.

Msomi akainua uso aseme kitu, chochote, ndipo akaona. Shingoni mwa wifi yake, chini ya sikio, nukta nyekundu inapanda.

"Wifi, usitikisike."

"Nini?" Akaelewa kabla ya kujibiwa. "Mtoe. Mtoe, mtoe, mtoe..."

"Ukiruka atapotea. Tulia."

Yule mwanamke akafumba macho, meno kayauma, anahema kama mtu anayechomwa sindano. Msomi akasogea. Katika muda wote walioishi nyumba moja walikuwa hawajawahi kugusana, hata kwa kupeana mkono. Akamwekea kiganja begani kumtuliza, akamfagia mdudu kwa brashi mpaka kwenye beseni.

"Umemtoa?"

"Nimemtoa."

"Basi ondoa mkono wako."

Jumatatu saa tatu Profesa aliwamwaga juu ya karatasi nyeupe, akawahesabu kwa ncha ya kalamu, akimgusa kila mmoja kama anayetafuta kosa. Fundi wa maabara alisimama pembeni, funguo kidoleni. Ishirini na nane, ishirini na tisa. Wa mwisho alilala chali, miguu kaikunja.

"Huyu amekufa." Profesa akafunika kalamu. "Pole."

"Hajafa, Profesa. Umemgusa."

"Unanifundisha?"

"Fukusi akiguswa hujifanya maiti. Muache kidogo."

"Sina siku nzima."

Ila hakuondoka, maana alitaka kumwona Msomi akiaibika. Wakamtazama mdudu, watu wazima watatu. Kipapasio kimoja cha kichwani kikacheza. Mguu ukanyooka. Fukusi akajigeuza, akajivuta juu ya karatasi na nukta yake mgongoni, akaelekea ukingoni mwa meza, na Msomi akamkinga kwa kiganja.

Profesa akasaini kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka.

Siku ya safari seremala alimbeba dada yake begi hadi barabarani. Mkewe alisimama mlangoni, mtoto kiunoni. Msomi alikuwa amemnunulia chupa mpya ya rangi ya kucha, kamwachia kwenye meza ya hapo mlangoni. Wifi yake aliinyanyua, akaisoma chini, akairudisha. "Hii siyo yangu. Yangu ilikuwa imeiva zaidi." Mtoto akalia mama, na kwa pamoja wanawake wote wawili wakaitika. Hakuna aliyecheka. Msomi alimbusu mtoto, akaondoka bila kugeuka, kwani angegeuka asingefika.

Alikuwa ameshakaa kwenye kiti cha ndege, mkanda umemkaza tumbo, wanaambiwa wazime simu, simu yake ilipotetemeka. Ujumbe wa wifi. Wa kwanza tangu wajuane.

"Nimekuta mdudu wako mwingine kwenye unga. Nimemuua. Mtoto kala, kalala."