Jogoo wa Mama Nyirakamana

Vita ilipomtoa Rutshuru, Mama Nyirakamana alifika kambi ya Munigi na sufuria, nusu ya godoro, na jogoo wa madoadoa ya kijivu. Jogoo ndiye aliyempa kazi.

Kambini miradi hupita kama mafua. Wakimbizi walifundishwa kutengeneza sabuni, maji hakuna. Wakafundishwa mikate, unga hakuna. Mwisho shirika moja likaja kuwafundisha kutengeneza nzi, utadhani kambi ilikuwa na upungufu wa nzi. Unafunga uzi na manyoya kwenye ndoano ndogo mpaka ifanane na mdudu anayeelea juu ya maji. Tajiri wa Ulaya anaitupa mtoni, samaki anadanganyika, tajiri anampiga picha, kisha anamrudisha majini. Wauza sambaza, vile visamaki vya ziwani, wa soko la Kituku waliposikia hayo waliuliza kama huko nako kuna vita, maana akili haziharibiki hivyo bure.

Mama Nyirakamana hakucheka. Nzi wake walielea kuliko wa wenzake wote, kwa sababu manyoya ya shingo ya jogoo wake ni magumu, hayanywi maji. Alikuwa akiyachomoa machache machache, jogoo akilalamika. Angepata mkataba wa mwaka, angepanga chumba mjini na kuiaga foleni ya msaada.

Basi mnunuzi wa nzi hao akaja, Mbelgiji aitwaye Monsieur Gaspard, kuyaona manyoya hayo kwa macho yake. Mama alikuwa ameenda kuchota maji. Papa Viateur, rais wa komite ya kambi (alijichagua mwenyewe, kwa kura zote), akamletea mgeni jogoo. Gaspard akampapasa shingo, akachekelea: "Très bien! Très bien!" Yaani, vizuri sana.

Sasa, mgeni wa heshima huonyeshwa kuku akiwa hai. Akimkubali, kuku anachinjwa. Viateur alisikia très bien mbili. Akaita kisu.

Mama aliporudi na bidoni lake la maji, alikuta jogoo amechinjwa, amelala kando ya maji yanayochemka, bado hajanyonyolewa.

"Papa Viateur! Umeniua!"

"Nimeua kuku, mama. Mugeni mwenyewe amemukubali."

"Alikuwa anaangalia manyoya!"

"Nani anatoka Ulaya kuangalia manyoya?"

Maji ya moto yangeyalegeza manyoya yote. Mama akanyakua kisu, akaanza kuichuna shingo.

"Wee! Mugeni atakula kuku bila shingo? Atasema komite imeiiba!"

"Aseme. Mambo mengine mumeiba, hakuna aliyesema."

Gaspard akala, akasifu, akalamba vidole. Kisha akaomba aonyeshwe jogoo tena, apige picha. Viateur akaanza kuchunguza viatu vyake. Mama ndiye aliyeleta ile ngozi ya shingo, imepakwa chumvi, manyoya yamesimama. Gaspard akaitazama ngozi, akaitazama sahani, akawa mweupe kupita alivyozaliwa. Lakini biashara ni biashara. Akayapima manyoya kwa kidole, akatia sahihi mkataba wa mwaka.

"Mwezi ujao mkubwa wangu atakuja kuwatembelea," akasema.

Viateur akachangamka. "Anapenda kuku?"

"Kesho ninanunua jogoo mwingine," Mama Nyirakamana akamkatiza. "Huyo mukubwa anakula maharage."