Mukono ya Yaya

Apana. Usiniambie ati mulineti nzuri ni ile inazunguka muda mrefu. Hiyo maneno niliisema mi mwenyewe kabla yako, tena kwa sauti kubwa kuliko yako, ndani ya duka ya watu. We umeangalia video kwenye simu. Mi nimeifungua ile kamashini ka kuzungushia uzi ya kuvulia samaki, nikaona tumbo yake.

Sisi ni watu ya baiskeli. Huku kwetu Gasenyi hakuna mutu alinifundisha kuzitengeneza. Nilisimama kwa mulango ya fundi, nikaangalia, nikaanza. Na kwetu mutu akinunua gurudumu, analinyanyua, analizungusha na kidole, anangoja. Ile inazunguka mpaka unachoka kuangalia, hiyo unabeba. Wale wanashuka na ndizi kutoka milimani wanachagua hivyo, na bado wanafika.

Sasa, yaya wangu. Ni kaka yangu mukubwa, alinilea, na mutu akimugusa amenigusa. Ni fundi ya kujenga. Alianguka toka juu ya nyumba, mukono ya kuume ikavunjika, ikaungwa vibaya. Akaacha kazi. Kitu kimoja kilikuwa kinamutoa nyumbani: kwenda ziwani kutupa chambo, kasamaki ka plastiki, kepesi kama kifuniko cha chupa, karibu na mawe. Lakini mulineti yake ya zamani ilikuwa nzito, mukono inavimba. Akaanza kushinda amelala, anaangalia ukuta. Nikasema lazima nimupatie nyepesi.

Tukaenda Rohero kwa mama mumoja Mukongomani anauza vitu vya kuvulia. Alikuwa na mbili, uzito karibu sawa. Nikazungusha ya kwanza: ikaimba, ikaimba. Ya pili ikazunguka kidogo, ikasimama. Mama akasema, kwa kasamaki kadogo namna hii beba ile ya pili. Damu ikanipanda. Nikaona anataka kumupakia kilema mashini yenye imekufa. Nikamuambia yeye anauza tu, mi natengeneza. Yaya alikuwa ameshika ile ya pili, anaipenda, naona. Akaiweka chini kwa sababu yangu, tukabeba ile inaimba.

Ziwani akatupa. Kasamaki kakaanguka karibu na miguu yake, na uzi ukafura kwenye mashini kama kiota ya ndege. Tukafungua mafundo. Akatupa tena. Kiota. Mara ya tano vijana nyuma yetu wanacheka, mumoja anauliza kama muzee anavua ao anashona. Nilimushika shati, watu wakatuachanisha. Niliporudi, yaya akaniuliza polepole, "Mashini iko na shida?"

Nikamujibu, "Mashini ni nzima. Ni mukono yako."

Alikunja fimbo yake ya kuvulia. Juma nzima hakutoka.

Mi sikulala vizuri, nikaifungua ile mashini. Bobini yake, pale uzi unajizungusha, ilikuwa chuma nene. Chuma nene ikishaanza kuzunguka haitaki kusimama, kama gurudumu ya mizigo, ndiyo maana ilikuwa inaimba pale dukani. Lakini kasamaki kepesi hakana nguvu ya kuiamusha. Kanaivuta, inachelewa, ikiamuka, kasamaki kameshachoka, na yenyewe bado inamwaga uzi. Ile ya pili ilikuwa na bobini nyembamba kama bati. Inaamuka haraka, inasimama haraka. Mama alisema kweli.

Nikarudi kwake. Nilimuomba musamaha, kitu sifanyaka. Akacheka, akanitumikisha siku mbili kumutengenezea pikipiki yake, akanipa ile ya pili.

Nikamupelekea yaya. Akaniuliza ina tofauti gani na ile ingine. Hapo ndipo ningesema ukweli. Nikajibu ati zote ni sawa, hii ni mupya tu, ajaribu.

Alitupa, kasamaki kakapita mawe, kakaenda, kakaenda. Akatupa tena. Akavuta samaki mbili, mukeke, kabla ya jua kuzama, na njiani alikuwa anaongea peke yake kama mutu amelewa. Akafungua na kufunga vidole mbele ya macho yangu.

"Ulisema kweli, mudogo wangu," akaniambia. "Ilikuwa mukono. Nimeipumuzisha, imepona."

Nilifurahi, usifikiri sikufurahi. Nilikula zile samaki pamoja naye. Lakini kesho yake alienda kuona mukubwa wa kazi kule Mutanga Sud, kwenye nyumba ya ghorofa wanayojenga. Amemuonyesha mukono. Wamekubaliana. Jumatatu anapanda juu tena, na ndoo ya simenti mukononi. Nimejaribu mara tatu kumuambia ilikuwa mashini, mukono haijapona. Ananikata, ananionyesha vidole, anacheka vile sijamuona akicheka tangu aanguke. Leo ni Jumapili. Ameosha nguo za kazi, ziko kwenye kamba, na mi nazunguka uwanja kama kuku amefungwa mguu.

We mwenye unasoma, ungemunyang'anya ile kicheko, ao ungemuacha apande?