Taa ya Jirani Hainyooki

Uzee huu mnanishikisha kalamu niwaandikie habari za jirani, kana kwamba ninyi wapangaji wapya hamna macho. Haya. Ni yule mzee fundi cherehani wa mlango unaotazamana na wangu, mwenye tangi la kioo la samaki na mimea ya majini. Taa yake aliichagua kama achaguavyo kitambaa: aliweka kiganja chini ya mwanga, akaikataa ile kali kwa kuwa huleta utando wa kijani kwenye kioo, akachukua iliyo pole. Ameitundika darini, juu ya tangi, kwa minyororo miwili, na kila jioni ananigongea. “Dada, njoo uniangalizie. Taa imelala upande tena.” Mimi hukaa kwenye kiti cha marehemu mkewe, yeye hupanda stuli, jicho moja kalifumba kama anayetunga uzi.

“Inua kushoto.”

“Hapo?”

“Hapo. Sasa shuka, usije ukawaangukia samaki wa watu.”

Hucheka, kisha tunatazama majani yakitoa vipovu mpaka chai inapoa.

Juzi nilimtangulia kabla hajagonga. Mlango ulikuwa wazi, taa imenyooka vizuri tu, naye yuko juu ya stuli, vidole vyake vyembamba vikiulegeza mnyororo wa kushoto taratibu. Nikarudi kwangu kimya, nikangoja. Akagonga. “Dada, imelala tena.” Nikaenda.

Sasa nahamia kwa binti yangu. Mzee nimeshamwambia agonge kwenu. Akija, nendeni mkakae kwenye kile kiti, na asitokee wa kumwambia taa iko sawa.