Msongo wa Mtama Uitwao Sijali

Tekla Elieza, mkulima wa kijiji kimoja jirani na Kaliua, ana mtama ambao marehemu mama yake aliuita Sijali, kwa sababu ukame ukija hauonyeshi dalili yoyote. Jani halijikunji, bua haliinami. Siku hizi anaupanda yeye peke yake, na ana miaka sitini na nane.

Kwa hiyo Naushad, mtafiti kutoka Tabora, alipotafuta shamba la kujaribia aina nne za mtama, Tekla alikubali kwa sharti moja: Sijali uwe wa tano. Ukifanya vizuri, mbegu yake ingepelekwa kwenye ghala la mbegu ikahifadhiwe. Ukishindwa, ingebaki kwenye kibuyu chake, na kibuyu hicho hakina mrithi.

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi. Kiangazi kikianza, upande mmoja wa shamba unamwagiliwa, wa pili unanyimwa maji. Kisha majani yanachumwa na kugandishwa papo hapo, ili zipimwe kwa pamoja kemikali ndogondogo zote ambazo mmea hutengeneza ukiwa taabani.

"Lazima ligande sekunde ileile, mama," Naushad alieleza. "Jani likishakatwa linaanza kubadilisha maelezo."

Tekla amewahi kuitwa mahakama ya mwanzo kama shahidi. Alielewa.

Kila mstari uliwekewa jina la mbegu yake. Upande mkavu Naushad akasimika na kibao: MIMEA HII INA MSONGO. USIMWAGILIE.

Sasa, neno msongo lilifika kijijini kwa semina ya afya ya akili, ambapo akina mama wa kanisa la Moraviani walifundishwa kwamba mwenye msongo hatengwi. Hutembelewa, husikilizwa, hupewa maji. Mwenyekiti wao, Magreth, alipewa cheti.

Wiki ya tatu Tekla alikwenda Ng'ambo, Tabora, kwenye msiba wa shemeji yake. Alirudi baada ya siku tatu kwa treni moja na Naushad na mtungi wake wa kugandishia. Walikuta upande mkavu umelowa, na Magreth amesimama na ndoo.

"Umemwagilia?" Tekla akauliza.

"Tumewatembelea. Dada, mtu ana msongo, nawe unamwandikia kibao anyimwe maji?"

"Ni mtama, Magreth."

"Kibao hakikusema msongo wa aina gani."

Naushad alikaa juu ya mtungi. "Mmemwagilia yote?"

"Minne. Yule wa mwisho tulimwacha. Tulisoma jina lake. Mtu akishasema hajali, utamlazimisha?"

Naushad akainuka, akagusa udongo wa mstari wa Sijali. Mkavu kabisa. Akachuma majani yake pande zote mbili, akayagandisha, akaondoka bila kuaga vizuri.

Alirudi miezi miwili baadaye na karatasi. Magreth naye alikuwepo.

"Sijali wenye kiu una prolini mara kumi na nne ya ule uliomwagiliwa," Naushad akasoma. "Ni kemikali inayosaidia mmea usikauke. Kwa nje umetulia, ndani unahangaika kweli. Mbegu inakwenda ghalani."

"Umekuwa wa ngapi?" Tekla akauliza.

"Wa kwanza."

"Kati ya mingapi?"

"Mmoja. Ile mingine tutairudia mwakani."

Tekla akaingia ndani kuleta kibuyu.

Magreth alibaki akiitazama karatasi. "Siku tatu zote," akasema, "tulikuwa tunampita tu."