Tohe wa Kaka Yangu

Kaka yangu alishuka stendi ya Sumbawanga akiwa na bomba refu la plastiki begani, na ndani ya bomba lile kulikuwa na pinde mbili. Njia nzima kutoka Mbeya kondakta alimdhania fundi bomba. Tulicheka mpaka watu wakatugeukia. Sikuwa nimemwona tangu nilipohamishiwa Rukwa kuwa bibi shamba, naye alikuwa kaka yangu wa pekee.

Pinde zile alizichonga baba. Ujanani alikuwa mwindaji, tena wa kibali, mpaka mguu ulipomgomea. Alitufundisha sote wawili nyuma ya nyumba. Alikuwa akituambia tuvute upinde na kuushikilia hivyo hivyo, huku yeye akitusimulia habari zake za porini, na wa kwanza kuulegeza ndiye aliyekwenda kuchota maji. Mara nyingi ndoo ilibebwa na kaka. Mwaka ule baba alisema anatamani kula nyama ya porini mara moja tena kabla meno hayajamwisha, na kwamba pori la wazi la huku kwangu bado lina tohe, wale swala wa majani marefu. Basi kaka akafuatilia kibali chetu sote wawili, nami nikaomba likizo fupi.

Tulilala Mollo, kwa familia ya wakulima ninayoitembelea kikazi. Mama wa nyumba alitupikia ugali wa ulezi na maharage, akaniuliza kama kweli na mimi nakwenda kuwinda. Nilipomwambia ndiyo, alimgeukia mumewe wakaongea Kifipa, kisha akacheka na kuniongezea mboga.

Asubuhi baridi ya Ufipa ilikuwa inauma masikio. Askari wa wanyamapori aliyepangiwa kufuatana nasi alitupitia, tukapanda pikipiki mpaka njia ilipokoma, halafu tukashuka kwa miguu upande wa bondeni. Siku ile ya kwanza kaka alipata nafasi nzuri kuliko zote. Dume la tohe lilisimama ubavu, upepo ukitujia usoni. Alivuta, akaachia upesi, mshale ukapita juu ya mgongo na kuzama kwenye majani.

"Ni upepo," nilimwambia.

"Usinifariji," akasema.

Kesho yake tulijibanza kando ya bonde la majimaji, mahali ambapo moto wa kiangazi ulikuwa umeacha kipande cha majani marefu. Askari alibaki nyuma yetu kwenye kichaka. Jua lilipoanza kupasha, dume la tohe lilitokea kwenye majani, pembe zimepinda kwenda mbele, likateremka kunywa maji. Kaka aliuvuta upinde wake. Nikaona mshale unagongagonga mti wa upinde. Akaulegeza taratibu.

"Piga wewe," akaninong'oneza. "Mimi siwezi."

Nilivuta. Nakumbuka vyura walikuwa wanalia, kisha wakanyamaza wote kwa pamoja, na nikaogopa kwamba mnyama naye amewasikia wakinyamaza. Nikaachia. Tohe aliruka, akakimbia kuelekea mlimani, akapotea. Tulimfuata kwa matone ya damu, askari akitangulia, mpaka tukamkuta amelala kwenye mchanga, amekwisha kufa. Nilipiga magoti. Nilifurahi na nilitaka kulia, vyote pamoja. Kaka akanikumbatia kwa nguvu.

"Mdogo wangu, umenitoa aibu," alisema. "Baba akisikia, atapona mguu siku hiyo hiyo."

Jioni, tukikausha nyama juu ya moto kule Mollo, aliniuliza nilijisikiaje pale nilipovuta. Nikamsimulia kila kitu, habari ya vyura na hofu niliyoipata waliponyamaza. Alisikiliza kwa makini sana. Nilidhani ni upendo.

Likizo yangu ilikwisha, akarudi Mbeya peke yake na nyama na pembe. Baba alinipigia simu nikiwa Majengo, dukani, nachagua kitenge.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Aisee, kaka yako ametuheshimisha! Nyama ni tamu. Na ameniambia ulimpikia vizuri huko, hukumwacha na njaa."

Nilishika kile kitenge. Muuzaji aliniuliza kama nimekipenda, na baba naye akaniuliza kama namsikia. Nikawajibu wote wawili ndiyo.

Nilipotoka nje nikampigia kaka. Hakukana.

"Alinipokea mlangoni, akaniita simba mbele ya majirani," alisema. "Ningemkatishaje? Hajawahi kuniita hivyo maisha yangu yote."

"Mwambie ukweli leo."

"Wewe una kazi, una nyumba yako, watu wanakuamkia. Mimi nina nini? Nitamwambia, nipe muda tu."

Nilimpa. Krismasi nilikwenda nyumbani, nikakuta pembe zimetundikwa sebuleni, juu ya kiti cha baba. Baada ya chakula, wajomba na mashangazi wakamwomba kaka asimulie. Akasimama. Akaeleza jinsi dume lilivyoteremka majini, jinsi alivyovuta, na jinsi vyura walivyonyamaza wote kwa pamoja, akaogopa kwamba mnyama amewasikia wakinyamaza. Watu wakaguna kwa kustaajabu. Uongo wa kwanza ningeweza kuumeza. Lakini hofu ile ilikuwa yangu, nilimpa mimi mwenyewe, naye aliivaa mbele yangu kama koti la kuazima.

"Kaka," nikasema, "mwambie baba ni nani aliyepiga."

Kaka akacheka. "Mdogo wangu huyu, utani haumwishi."

Nikamtazama baba. Akaangalia sahani yake, akasema, "Mwache kaka yako amalize."

Kesho yake asubuhi nilimkuta baba amekaa uani, mguu ameunyoosha juani. Nikaketi kando yake. Yeye ndiye aliyeanza.

"Nilimfundisha mwenyewe," alisema. "Najua mkono wake unaweza nini na hauwezi nini. Unadhani nilihitaji kuambiwa?"

"Sasa mbona jana ulinyamaza?"

"Wewe hata usiposifiwa unasimama. Yeye akianguka tena, hainuki. Mzazi hugawa kwa mwenye njaa."

"Na mimi sikuwa na njaa, baba?"

Alinishika mkono, ule ninaovutia upinde, akaupapasa kwa kidole gumba. Huenda alidhani hilo lilikuwa jibu. Niliondoka kwa basi la siku ile ile, nikamwambia mama kazi zimenibana. Mpaka tunapita Laela nilikuwa bado nazungumza na baba moyoni, nikimpa majibu niliyokosa kumpa pale uani. Kaka ningeweza kumchukia kidogo kisha nikachoka. Kwa baba sikujua nianzie wapi, maana alikuwa mtu pekee ambaye nilitaka ajue, na kumbe alijua siku zote.

Mwaka huu nimeomba kibali changu mwenyewe. Kaka alipiga simu kuuliza twende lini, nikamwambia sitakwenda naye. Hakuuliza sababu. Nilikwenda na askari yule yule, tukatembea tangu alfajiri, na alasiri nikapiga pongo dume pembezoni mwa msitu mdogo, karibu na kijito. Nyama niliila Mollo pamoja na wenyeji wangu. Mama wa nyumba alinitaka nisimulie, nami nikasimulia mwanzo mpaka mwisho, watoto wake wakinikatiza kwa maswali.

Jumapili baba akanipigia. Alikuwa amesikia kwa kaka kwamba nilikuwa na mpango wa kwenda porini.

"Vipi, mwanangu, ulipata?"

Sauti yake ilikuwa imezeeka. Nilisikia jinsi alivyoshusha pumzi akisubiri.

"Hapana, baba," nikamwambia. "Sikupata kitu."