Kitambaa cha Saidati Juu ya Inverta

Mwaka ule wa 1999, mtaa mzima wa Majengo pale Gisenyi ulijua kwamba Mukandori ana voiture, yaani gari. Kusema kweli ilikuwa baiskeli ya magurudumu matatu, ile ya watu ambao miguu yao imekataa kazi, na ya Mukandori ilikataa tangu alipougua polio utotoni. Lakini Narcisse, fundi wa kuchomelea vyuma, alikuwa ameifungia chini mota ya umeme, aliyoing'oa kwenye kigari cha ghala kilichoachwa na shirika moja la misaada lilipofungasha virago. Baiskeli ikaanza kwenda yenyewe, imebeba magunia ya vitunguu vya Nyakiriba, na mwenyewe amekaa juu yake kama bibi harusi. Ukiwa na kitu kama hicho halafu mtu akakiita baiskeli, una haki ya kununa.

Umeme wa mji ulikuwa wa kubahatisha, kwa hiyo voiture ilikula jua. Paneli zilikuwa juu ya mabati, betri za lori chini ya meza, na juu ya meza ilikaa inverta, kisanduku cha chuma kilichogeuza umeme wa betri ukawa kama ule wa ukutani, maana chaja ya voiture haikukubali mwingine. Betri za voiture yenyewe zilikuwa za kupokezana: hizi ziko njiani, zile ziko nyumbani zinachajiwa. Narcisse aliitafuta inverta Goma nzima, ng'ambo ya mpaka, mpaka akaipata, na akamwambia Mukandori waziwazi kwamba ikifa hii asimtume tena. Ikifa hii, Mukandori angerudi kusukumwa.

Kusukumwa alikujua vizuri. Miaka mingi aliyemsukuma hadi Grande Barrière, kituo cha mpakani, na kuvuka naye hadi Goma, alikuwa Saidati, jirani na rafiki yake, mwenye ndugu pande zote mbili za mpaka. Saidati hakuwahi kulalamika. Lakini siku Saidati akishikwa na homa, Mukandori alibaki nyumbani vitunguu vikiota. Na akisukumwa na vijana wa barabarani, walipiga soga juu ya kichwa chake kana kwamba naye ni gunia. Ndiyo maana asubuhi ya kwanza alipobonyeza swichi na kuondoka peke yake, alilia njia nzima, tena hakujificha. Saidati alijaribu kumfuata kwa miguu siku mbili tatu, kisha akachoka kukimbia nyuma ya mota.

Saidati ndiye aliyeleta kitambaa. Katika nyumba zetu kitu cha thamani hakikai uchi: redio ina kitambaa chake cha kufuma, viti vina vyao, hata chupa ya chai inavalishwa. Alifuma cha inverta kwa uzi mweupe wenye maua ya njano, akakishonea nailoni kwa ndani ili vumbi jeusi la volkano lisipenye. Kilikaa kama gauni lililopimwa. Mukandori alifurahi mno, na kila asubuhi kabla ya kuondoka alikivuta mpaka pembe zote ziguse meza.

Kiangazi kilipokolea, inverta ikaanza vituko. Mchana ililia pii pii, kisha ikazima. Mukandori alirudi akakuta betri hazijajaa, na kesho yake mota inamwishia njiani, wapita njia wanamwonea huruma, kitu alichokichukia kuliko matusi.

Akajua moja kwa moja kwamba kuna mtu anamwibia umeme. Mukandori akikasirika hakuwa na breki. Alimkatalia Munyaneza wa nyumba ya pili kuchomeka redio, hata ya kusikiliza mpira tu. Alinunua kufuli jipya. Saidati, aliyekuwa akiingia na kutoka mle kama kwake, hakupewa ufunguo.

Mwishowe Mukandori akaacha kwenda mpakani siku moja ili amvizie mwizi. Alikaa kando ya meza, fimbo mkononi. Jua lilipanda, mabati yakaanza kulia, na hakuna aliyetia mguu. Inverta ikapiga kelele yenyewe. Akaweka kiganja juu ya kitambaa, akakiondoa haraka kama aliyeshika kikaango.

Akakifunua. Ubavuni mwa kisanduku kulikuwa na matundu ya kutolea joto, na yote yalikuwa yamezibwa. Nailoni ilikuwa imeanza kuyeyuka na kunata kwenye chuma. Fimbo ikamponyoka. Mwizi alikuwa yeye mwenyewe.

Saidati alisikia mlio, akaja mpaka mlangoni. "Iko nini?"

"Ingia, dada. Gusa."

Saidati aligusa, akarudisha mkono. "Iko moto hivi kila siku?"

"Kila siku. Inatafuta kupumua, na sisi tumeifunga mudomo."

"Ni mi nilishona ile nailoni."

"Na ni mi nilikuwa naivuta mpaka chini. Bon, haijakufa."

Saidati alikichukua kitambaa, akaketi, akakikunja polepole mapajani. "Nilikuwa natafuta kazi ya kufanya mu hii voiture yako," alisema. "Tangu ikuje, asubuhi naamuka, navaa viatu, kisha nakumbuka sina fasi ya kwenda."

Maneno yale yalimchoma Mukandori. Kila jioni alikiuliza kisanduku kimeshindaje, na hakuwahi kumuuliza Saidati. Aliona aibu, aibu ya kweli, ya kushindwa kuinua macho.

"Kesho twende wote," alisema. "We utakaa nyuma, juu ya vitunguu."

"Mota itaweza watu wawili?"

"Sijui. Tutaona."

Asubuhi waliondoka, inverta wameiacha wazi, dirisha la juu limefunguliwa. Barabara ya kando ya ziwa haikuwa na taabu. Ilikuwa wakati wa kurudi, kwenye mwinuko wa kuingia mtaani, ndipo mota ilipoelemewa na kuanza kukoroma. Kabla Mukandori hajasema neno, Saidati alikwisha shuka na kushika nyuma ya kiti. Mukandori angeweza kumwambia wasubiri mota ipoe. Akaizima, akamwacha asukume.