Pima Maji Ainua Kitanda

Hebu mwone anavyoingia zahanati: mwashi mrefu, saruji kwenye nyusi, pimamaji, kile chombo cha kupimia usawa, imechomoza kwenye mfuko wa nyuma wa suruali. Amemshika mkewe kiwiko kama mtu aliyebeba kioo cha dirisha, na kila anayewakaribia anaambiwa, "Taratibu, ndugu yangu, taratibu!" Mkewe, fundi cherehani, anatembea vizuri tu. Anayeyumba ni yeye.

Mtaani wanamwita Pima Maji. Hawezi kukaa na kitu kilichopinda. Mkaribishe kwako, na kabla hajamaliza salamu atakuwa ameshalaza chombo chake juu ya meza yako, anatikisa kichwa. Siku ya ndoa yake alimsimamisha mpiga picha ili kwanza anyooshe benchi la wazee.

Siku hiyo ya zahanati hakupima chochote. Mkewe alikuwa na mimba ya wiki saba, anatapika hata maji, na asubuhi alikuwa ameona matone ya damu. Mkunga akapiga picha ya tumbo, akasema, "Wako wawili."

"Wawili kina nani?"

"Watoto, baba. Mapacha."

Lakini mkunga hakutabasamu. Moyo wa mmoja ulikuwa unapiga vizuri. Wa pili ulikuwa unajikokota. "Huenda ukakaza mwendo, huenda ukasimama. Hakuna dawa ya kuusukuma. Wiki ijayo tutatazama tena." Akamtundikia mama dripu, akampa vidonge vya kuzuia kutapika, akamwambia anywe kidogo kidogo, asibebe mizigo, apumzike. Damu ikizidi, tumbo likiuma sana au akizimia, waje mbio siku hiyo hiyo.

Katika maneno yote hayo, Pima Maji aliondoka na moja: apumzike. Akafika nyumbani akawaza kifundi. Kitu kikitaka kuteleza, unainua upande kinakotelezea. Akaweka tofali tatu tatu chini ya matendegu mawili ya upande wa miguuni, akapima kushoto, akapima kulia, akaridhika. Mke akalala kichwa bondeni, miguu mlimani.

"Mume wangu, damu yote imenishukia puani."

"Vumilia. Kwa mteremko huu watoto hawatelezi ng'o."

"Na mimi je? Mimi nateleza!"

Kweli, kila baada ya muda kichwa chake kiligonga ubao wa kitanda, na mume akamvuta miguu kumrudisha, kama mkokoteni.

Siku ya tatu akaja mama mkwe. Yeye alijua kuna mimba. Habari ya mapacha hakuambiwa. Akashika kiuno mlangoni.

"Mkwe wangu, mwanangu umemlaza au umemwezeka?"

"Nimemwekea msingi, mama."

"Msingi wa miguu? Kichwa je, unakipaua lini?"

Kutapika kulikuwa kumezidi, basi wakampigia simu mkunga, wakamweleza na habari ya tofali. Alicheka mpaka akakohoa. "Toa tofali hizo sasa hivi! Mimba si mchanga kwenye toroli. Nilisema apumzike, sikusema aning'inizwe. Mwinue kichwa, mpe maji kijiko kijiko, na akitaka kutembea, mwache atembee."

Pima Maji akatoa tofali, akashika kijiko. Kila kijiko alikishikilia sawasawa, tone lisimwagike, ulimi nje kama anayejenga kona. Kutapika kukapungua. Siku ya tano damu ikakata.

Wiki ikatimia. Wakarudi zahanati, mkunga akaweka kipimo tumboni. "Wa kwanza huyu hapa," akasema. Akasogeza kipimo, akakirudisha, akakisogeza tena. Fundi cherehani akafumba macho.

"Na wa pili huyu hapa. Amekaza mwendo, anakimbizana na mwenzake."

Pima Maji akaketi ghafla kwenye kiti cha magurudumu madogo, kikaondoka naye mpaka ukutani.

"Jamani," akasema mkewe, anacheka huku machozi yanamtoka, "mwenye mimba hapa ni nani?"

"Furahini, ila kwa kiasi," akasema mkunga. "Miezi mitatu ya kwanza haijaisha. Lolote bado laweza kutokea."

Nyumbani wakamkuta mama mkwe mlangoni. Mama huyo mpende, ila akisikia jambo asubuhi, mtaa wa tatu unalijua kabla ya mchana.

"Haya, wanangu, mbona meno yote nje? Mkunga kasemaje?"

Mke akamtazama mume, mume akamtazama mke. Wewe ungekuwa umesimama pale nao, ungemjibu nini?